Notisi Niliyoichapa kwa Vidole Vyangu

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Baraza la Nyumba,

YAH: KUVUNJIWA MKATABA WA PANGO KABLA YA MUDA WAKE

Kichwa hapo juu kinajieleza, ila mimi nahitaji kujieleza zaidi. Ni mchapaji wa barua na mikataba, yule wa meza ya kijani nje ya mahakama. Huenda umenipita mara nyingi bila kuniona, nami sikulaumu. Nimepanga chumba namba tatu kwa mkataba wa mwaka mmoja, na nimekaa miezi mitano tu. Juzi asubuhi nilikuta bahasha chini ya mlango: nihame ndani ya siku kumi na nne. Kwa unyenyekevu na hasira, nawasilisha malalamiko yafuatayo:

1. Mpangaji anastahili notisi ya miezi mitatu. Hilo nalijua kama jina langu, maana nimelichapa katika mikataba ya watu wengine isiyopungua mia mbili. Katika mkataba wangu halimo. Niliuchapa mwenyewe, na kifungu cha tisa kikawa kinadondokea ukurasa wa pili, nikakiondoa ili karatasi moja itoshe. Naliomba Baraza likisome kana kwamba kipo.

2. Notisi yenyewe ni kazi ya mikono yangu. Nimeitambua kwa herufi "k" inayoruka juu. Mwenye nyumba, mama mtu mzima asiyesoma bila miwani, alikuja mezani kwangu wiki iliyopita, akanieleza anachotaka, nami nikachapa barua mpaka bahasha. Katika kazi hii masikio husikia na vidole huchapa. Akili yangu huwa inatazama wapita njia. Yeye alitaka kutoa mwezi mzima. Nikamshauri wiki mbili, kwamba muda mrefu humpa mpangaji nafasi ya kulialia. Aliposema "tafadhali" nikaweka "bila kukosa". Alinishukuru sana. Kosa lililotajwa ni kelele, na mtu mwenye taipureta hana la kujibu hapo. Lakini nauliza: ni haki mwenye nyumba kutumia kipaji cha mpangaji kumfukuza mpangaji huyohuyo?

3. Naishi na mama yangu mzazi, ambaye haoni. Ameniambia ameijua nyumba ile kwa hatua: kumi na moja hadi bombani, kumi na moja kurudi. Kwa mara ya kwanza tangu aache kuona, anachota maji yake mwenyewe, na asubuhi namsikia akijisifu peke yake. Nikimhamisha, atarudi kukaa kitandani akinisubiri nitoke kazini. Hilo siliwezi, Mheshimiwa. Hapa sifanyi mzaha.

4. Kama ni lazima mtu atolewe, yupo wa chumba namba nne, fundi redio. Redio yake inanguruma tangu alfajiri mpaka vikombe vyangu vinatembea mezani. Huyo asipewe hata siku kumi na nne. Apewe saba, na barua nitaichapa bure.

Nisalimie makarani wako wote, na mlinzi wa getini aliyenifukuza Jumanne. Naona ni mwaka wangu wa kufukuzwa.

Wako mtiifu, mwenye mizigo nusu imefungwa,
Mpangaji, chumba namba tatu

Baada ya sahihi: Mwenye nyumba amepita sasa hivi, akanikuta nafunga vyombo, akashangaa naenda wapi. Notisi ilikuwa ya namba nne. Hiyo tatu niliiweka mimi kwa mazoea, kwa kuwa ndiyo ninayoandika kila siku kwenye anwani yangu, na aliyetumwa kuipeleka alifuata bahasha. Ameenda kumwambia fundi kwa mdomo. Nilifurahi hadi nikamsomea mama barua hii yote. Alicheka, halafu akaniambia ukweli. Kumbe hajawahi kuhesabu hatua hata moja; hizo kumi na moja alizitaja ili nimsifu. Kwenda bombani hufuata mlio wa maji, na kurudi hufuata redio ya fundi. Mama mwenyewe ndiye aliyemwomba fundi aipandishe sauti. Kwa hiyo naomba malalamiko yangu yabaki kama yalivyo, ila kila penye chumba namba tatu pasomeke namba nne, na lile la mwisho lichanwe. Tafadhali fanya haraka. Fundi anakunja nyaya, redio imezimwa, na mama amesimama uani na ndoo yake, hajui ageukie wapi.