Hisa za Bwana Mfuko

Jumatatu, 6 Mei. Manyunyu tangu alfajiri. Mawingu hayana nia ya kuondoka.

Leo nimeanza rasmi kazi ya kuutoa uenyekiti wa chama chetu cha hisa mikononi mwa wifi yangu. Miaka sita tunanunua hisa anazotaka yeye: saruji, saruji, saruji. Fundi cherehani, saruji anaijulia wapi? Gawio linaingia kila mwaka, sikatai. Kiduchu! Mimi, katibu, kazi yangu kuandika kumbukumbu na kumpigia makofi.

Nimepata silaha. Kuna tajiri mmoja, sisi humwita Bwana Mfuko, anayewekeza fedha za matajiri wenzake. Kila miezi mitatu sheria inamlazimisha atangaze anachokishikilia. Kurasa kumi na moja! Nimezichapa kwenye mashine ya stoo ya hospitali. Karani wa stoo nisipochapa mimi, achape nani? Halafu nimenakili kila kitu daftarini kwa rula, majina kwa bluu, idadi kwa nyekundu. Safu ya mwisho haikuenea. Ilikuwa na vineno tu, haina tarakimu hata moja. Nimeiacha. Jedwali limependeza ajabu.

Alhamisi, 9 Mei. Jua kali.

Tuko saba chamani. Wifi ana kura tatu, yake na za mashoga zake wawili ambao akisema tununue vifungo watauliza vya rangi gani. Mimi ninayo yangu, na ya dereva wa gari la wagonjwa, ambaye hupinga lolote analosema wifi tangu alipompunguzia suruali ikawa fupi. Zimebaki mbili.

Nimeanza na Mzee Dripu, muuguzi mstaafu. Yeye hisa hazitaki, anapenda hati za benki zinazouzwa sokoni. Amenieleza tena kwa saa nzima: benki inakuahidi kukulipa kadiri bei ya shaba inavyopanda, mara tatu yake. Nikamuuliza shaba yenyewe iko wapi. Akasema haipo, ndiyo raha yake, hakuna wa kuiba. Nimemwahidi kuziunga mkono hati zake baadaye. Kura yake ninayo.

Mchana nikaenda kwa Mama wa Kufulia. Miaka ishirini na sita anafua mashuka ya wodi zote. Anastaafu tarehe 31, siku hiyo chama kitampa fungu lake. Ameshachagua mashine ya kufulia, ya mitumba, ya kilo kumi na tano. Kila Jumapili akitoka ibadani anapita dukani kuitazama. Mwenye duka amemwandikia jina lake ubavuni kwa chaki. Nikamwambia, mama, kwa nini moja? Ukinipigia kura utanunua mbili. Akafuta mikono kwenye aproni, akalipitishia jicho jedwali langu juu hadi chini. Akasema haya, mwanangu.

Mume wangu amesema ya dada yake nisimwingize. Kisha akauliza kama chakula kiko tayari.

Jumamosi, 11 Mei. Upepo.

Mkutano kwa wifi, kwenye karakana yake. Tumekaa juu ya majora ya vitambaa. Nilipewa lenye pini. Najua si bahati mbaya.

Nimewasilisha jedwali. Bwana Mfuko ana mabilioni, wataalamu hamsini, ndege yake mwenyewe. Vitu vitatu vikubwa alivyoshika ni kampuni ya betri, kampuni ya ndege na kampuni ya viatu. Tuuze saruji, tumfuate.

Wifi akakata uzi kwa meno. Akauliza eti wifi yangu mpenzi, huyo bwana anakujua? Hiyo orodha ni ya mwezi gani? Akiuza atakupigia simu, au atakutumia salamu? Mashoga wakacheka hadi wakagongana. Mzee Dripu akasema hata saruji nayo ni vumbi tu likilowa. Dereva akapiga meza. Wifi akamwambia akae chini, suruali isije ikapanda zaidi.

Kura: nne kwa tatu. Nne! Mama wa Kufulia alinyoosha mkono polepole, akawa wa mwisho kuushusha. Wifi akatia sahihi. Uenyekiti utajadiliwa mwisho wa mwezi, matokeo yakishaonekana. Yataonekana!

Jumatano, 15 Mei. Mawingu.

Betri zimeshuka. Nimewaandikia wanachama kwamba wakubwa hununua wakati wadogo wanatetemeka.

Ijumaa, 17 Mei. Mvua kubwa, stoo imevuja kwenye glovu.

Betri zimewaka moto mahali fulani, hisa zake zimebaki nusu. Ndege nazo zinashuka, na sizungumzii kutua. Viatu vinafuata. Kiwanda cha saruji kimetangaza gawio mara mbili ya mwaka jana! Wifi ametuma tangazo hilo kwenye simu zetu zote. Hakuandika neno hata moja. Huo ndio ujeuri wake.

Jumatatu, 20 Mei. Hali ya hewa sikuiangalia.

Nimempigia dalali wetu wa hisa, nimlalamikie kwamba soko linakwenda kinyume na Bwana Mfuko. Akaniomba nimsomee mstari wa betri. Nikasoma. Akaniuliza safu ya mwisho inasemaje. Nikamwambia asubiri, nikazitafuta kurasa zenyewe. Mbili nilishazifungia sindano. Imeandikwa "haki ya kuuza".

Dalali akakohoa kwa muda mrefu, kikohozi chenye furaha.

Akanieleza polepole kama anayemweleza mgonjwa. Bwana Mfuko hakununua hisa hizo. Amelipia haki ya kuziuza kwa bei ya zamani, ili zikianguka apate faida. Zote tatu. Kwa hiyo kila senti inayotutoka ni habari njema kwake.

Sikumwambia mtu. Kosa ni la waliotengeneza jedwali pana namna ile.

Jumatano, 22 Mei. Jua, kwa wengine.

Nimepata mpango wa kurudisha kila kitu kabla ya mkutano wa Jumamosi. Katiba inaruhusu katibu na mweka hazina kuhamisha fedha "kwa dharura". Mweka hazina ni Mzee Dripu. Nikamwambia hii ni dharura, na zamu ya hati zake imefika. Machozi yalimlengalenga. Tumeuza hisa zote, tumenunua hati za shaba. Mara tatu! Shaba ikipanda kidogo tu, tumepona.

Ijumaa, 24 Mei.

Shaba imeshuka. Kidogo tu, lakini mara tatu. Mchana benki ikatangaza kwamba inazifuta hati hizo zote na kumlipa kila mtu kilichobaki baada ya kukata ada zake, kama inavyoruhusiwa ukurasa wa arobaini. Mzee Dripu anasema yeye hakuwahi kupita ukurasa wa pili. Amezima simu. Tumebaki na chini ya robo.

Jumamosi, 25 Mei. Asubuhi njema kabisa, cha kuudhi.

Nilisoma taarifa nikiwa nimesimama. Nilitegemea makelele, nilikuwa nimeandaa majibu tisa. Hawakupiga kelele. Dereva alitoka nje, akarudi wakati wa kura tu. Wifi alilikokotoa fungu la Mama wa Kufulia, akalikokotoa tena. Halitoshi hata kuiburuta mashine kutoka dukani. Akasema wampe na fungu lake yeye. Kujionyesha tu! Hata hivyo halikutosha, na mama mwenyewe alikataa. Akasema wifi naye ana watoto.

Kisha mama akanigeukia. Nilidhani atanilaani. Alisema: "Mimi kusoma sijui sana, mwanangu. Lakini ulikuwa umeandika vizuri. Nikasema mtu anayeandika hivi hawezi kukosea."

Wakanivua ukatibu na uanachama, kura tano kwa moja. Moja ni yangu. Mzee Dripu hakuja.

Jumapili, 26 Mei. Mama wa Kufulia hakupita dukani. Nasikia chaki imefutwa.

Ijumaa, 31 Mei. Ukungu asubuhi, baadaye joto.

Tumemuaga Mama wa Kufulia kati ya mashine mbili zilizokuwa zikizunguka. Cheti, soda, hotuba ya mganga mkuu ambayo haikusikika. Jumatatu anarudi palepale kama kibarua, kwa malipo ya siku, mashuka yaleyale. Msimamizi alisema ana bahati.

Nimeyatafakari yote kwa utulivu. Tatizo lilikuwa chama. Watu saba, makelele mengi. Na Bwana Mfuko alikuwa chaguo baya: mwanamume, ana kiburi. Kuna mama mmoja naye ana mfuko mkubwa, anawekeza kwenye dawa tu. Dawa mimi nazijua, nazipokea stoo kila siku! Watu wawili wanatosha. Kiinua mgongo cha Mama wa Kufulia kinatoka Agosti.

Nilimwendea akiwa anakunja aproni. Nikamweleza kwa kifupi. Alinitazama tu, akaendelea kukunja. Hakukataa.

Nimelala saa mbili na dakika kumi usiku, usingizi wa pono.