Jinsi Séraphin Mpima Malori Alivyoiteka Herufi H

Kaeni chini, enyi watu wa Kolwezi, na nyinyi wa Kasulo mliochimba madini hadi chini ya vitanda vyenu, yaacheni mashimo kidogo mnisikilize. Maana nasimulia vita ambamo mkono haukuinuliwa wala damu haikumwagika, ila bukari, ugali wetu mtukufu, ulipoa mara sita. Na atakayecheka kabla sijaruhusu, nitaanza upya.

Alikuwako Séraphin Mukuna, bwana wa mizani, mpima malori, mtu ambaye lori la tani arobaini husimama kwa kuinuliwa kidole chake kimoja. Mkuu wake wa kazi alimwahidi cheo: kuwapokea madereva watokao Zambia. Sharti lilikuwa akae siku saba katika kambi ya mazungumzo ya Kiingereza, kisha arudi na ripoti njema ya mwalimu wake.

Mwalimu huyo alikuwa Madame Hope, binti wa Solwezi nchini Zambia, aliyevuka mpaka kwa kujitolea, akiongozwa na wema peke yake. Jina lake Séraphin alilikata kichwa kila asubuhi. "Good morning, Madame Op," alisema, naye mama wa watu akavumilia. Sheria ya kambi ilikuwa kali: Kifaransa marufuku, Kiswahili marufuku, na chakula chaombwa kwa Kiingereza.

Basi kila adhuhuri, siku sita mfululizo, shujaa wetu alisimama mbele ya sufuria, akatanua kifua, akatangaza: "Madame Op, I am angry!"

Ole wako, ulimi wa Katanga, ulioimeza H tangu enzi za mababu, usemao apa na apana na abari! Neno la Waingereza la njaa, likivuliwa H yake, masikioni huwa neno la hasira. Kila adhuhuri Madame Hope alishtuka, akaomba radhi, akamshika mkono na kumzungusha bustanini avute pumzi hadi hasira ipoe. Kilichopoa ni bukari. Aliporudi, wenzake walikuwa wamekwisha kulamba sahani, na Séraphin, mtu mpole wa kuzaliwa, akaanza kukasirika kweli.

Siku ya saba, siku ya kufunga kambi, mbuzi alichinjwa. Madame Hope aliketi kuandika ripoti. Séraphin akachungulia dirishani, akasoma: Mr Mukuna is always angry. Nani atampa mtu wa hasira za kila siku kazi ya kupokea wageni? Alikimbilia jikoni, ngome pekee ambayo sheria ya lugha haikuifikia, kwa Mama Ernestine, malkia wa mwiko, aliyewahi kuwapikia madereva mpakani Kasumbalesa.

"Mama, ule mwanamuke ananichukia! Mi naomba chakula, yeye anaandika asema niko na kasirani!"

"Tata Séraphin," akanena Ernestine, mwiko juu, "ni weye unamwambiaka vile! Uko na njala, lakini mu kinywa kunatoka kasirani. Ile H abaisemake, apana. Banaipulizaka, sawa vile unapulizaka makala mu mbabula. Puliza!"

Akaiinamia mbabula, jiko la makaa, akapuliza. Mara ya kwanza hakikutoka kitu, mara ya pili yalitoka mate, mara ya tatu majivu yakaruka na moto ukawaka. Mama Ernestine akajifuta uso kwa kitenge.

"Enda, tata. Lakini usimame mbali na batu."

Saa sita ikatimu. Séraphin akaingia ukumbini, majivu kichwani, akavuta hewa yote iliyokuwa kati ya Kolwezi na mji wa mbali wa Musumba.

"Madame Hhhope! I am hhhhungry!"

Kitambaa cha meza kiliinuka. Omer, mwanafunzi mwenzake aliyeketi karibu, akavua miwani na kuipangusa. Madame Hope akakishika kitambaa kisipeperuke.

"Hungry?" akauliza kwa sauti ndogo. "And Monday?"

"Monday, hhhungry! Tuesday, hhhungry! Every day, Madame, hhhungry!"

Hapo Madame Hope alicheka mpaka akalia, na alilia kweli, kwa kumhurumia, huku akimrundikia mbavu za mbuzi sahanini. Lakini ripoti ilikwisha kugongwa muhuri, na karatasi nyingine haikuwako. Akashika kalamu, akafuta herufi moja, A, akaandika mbili juu yake, H na U. Mr Mukuna is always hungry.

Jumatatu mkuu wa kazi aliisoma ripoti hiyo mara mbili, akamtazama shujaa kuanzia tumbo.

"Tata Séraphin, cheo ni chako. Lakini bachauffeur ba Zambia bakikuya na chakula, uache bakule kwanza."

Na iandikwe katika vitabu vya nchi, kwa wino usiofutika, kwamba mtu wa Lualaba aliiteka H ingali hai, akala mbuzi, akaongezwa mchuzi.