Tunaomba Tuhesabiwe Maskini

Kamati ya Maktaba,
Pigeon Fork, Kentucky.
Machi 8, 2010.

Kwa Mkurugenzi,
Ofisi ya Punguzo la Intaneti na Simu za Shule na Maktaba,
Washington.

Ndugu Mkurugenzi,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, umekula na umeshiba. Sisi huku tumekula pia, na hapo ndipo shida yetu ilipoanzia.

Mimi naitwa Wilma Napier, mjane, katibu wa kamati ya maktaba kwa mwaka wa ishirini na mbili sasa. Maktaba yenyewe ni vyumba viwili na choo. Zamani palikuwa duka la mbolea, na siku za joto vitabu bado vinanuka. Nimepokea barua yako inayotupongeza kwamba hali ya watu wetu imekuwa nzuri, na kwa hiyo serikali haitatulipia tena sehemu tisa katika kumi za gharama ya intaneti na simu, ila sehemu nane. Kwako wewe hiyo ni sehemu moja tu imeondoka. Kwetu tuliokuwa tunalipa moja na sasa tulipe mbili, ni mara mbili, na hiyo ya pili kamati haina. Tarehe thelathini Juni kampuni inakata waya.

Ningevumilia, maana tumeishi bila mengi. Lakini nina kaka yangu wa tumbo moja, Arvil, aliyechimba makaa ya mawe miaka thelathini na moja mpaka makaa yakahamia kifuani mwake. Daktari wake wa mapafu yuko Lexington, saa tatu kwa gari, njia yote kona. Mara ya mwisho kumpeleka tulisimama mara nne ili apate pumzi, na ile ya nne tukageuza gari tukarudi. Sasa kila Alhamisi saa nne asubuhi anaketi chumba cha nyuma cha maktaba, karibu na vitabu vya watoto vya wanyama, anafungua shati mbele ya kompyuta, na daktari anamwona. Huyo daktari ametuambia mara mbili tukimbie hospitali, na mara zote mbili tulifika kwa bahati. Huku bondeni majumbani kwetu intaneti haifiki. Kampuni ilisema haiwezi kupanda mlima kwa ajili ya nyumba saba. Waya wa maktaba ukikatwa, Arvil hana daktari. Hilo ndilo lililonikalisha niandike, na mengine yote yanafuata hapo.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Kuhusu kipimo chenu. Nimeelezwa kwamba ofisi yako haipimi umaskini wa maktaba kwa kuitazama maktaba. Hampimi kwa paa wala kwa kazi, na migodi mitatu iliyofungwa hamkuiuliza. Mnapima kwa kuhesabu watoto wa shule ambao wazazi wao wamejaza fomu ya chakula cha mchana cha bure. Shule yetu ina watoto mia moja na ishirini. Wakifika tisini wenye fomu, yaani robo tatu ya shule, sisi ni maskini kamili na tunapata tisa katika kumi. Wamefika themanini na tisa. Kwa hiyo, Ndugu Mkurugenzi, kati ya Pigeon Fork na utajiri kuna mtoto mmoja tu, na tumeshavuka. Nilitoka nje kuutafuta huo utajiri nikamkuta mbwa wa jirani akila gazeti.

2. Kuhusu jeuri ya watu wetu. Hapa nakubali kosa ni letu, na nalisema bila kuficha. Katika watoto thelathini na mmoja wasio na fomu, saba wazazi wao kweli wana kazi nzuri. Ishirini na wanne waliobaki wana njaa kama wenzao, ila wazazi wao ni maskini jeuri. Fomu inakuja Agosti ndani ya begi la mtoto, na ikifika Septemba imeshawashiwa jiko. Nimebisha hodi milango kumi na mitatu mwezi huu, na goti langu la kushoto ni shahidi. Burl Caudill ana watoto watatu na nyumba ya trela ambayo paa lake limeshikiliwa na matairi ya zamani ili upepo usilichukue. Nilimweleza kwa upole. Akaniangalia kama nimemtukania mama yake. Akasema, "Shangazi Wilma, siku mimi nitakula cha serikali nitakuwa nimefungwa pingu." Nikamwambia hakuna anayemwambia yeye ale, watakula watoto. Akasema watoto nao ni wa Caudill. Mke wake alikuwa nyuma ya pazia, akaniletea chupa ya maharage ya kusindika nibebe nyumbani. Wao hawana, lakini mimi nisitoke mikono mitupu. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Burl amezaa watatu na bado anaficha.

3. Kuhusu Darlene Fugate. Huyu nina hasira naye kweli. Mwaka jana watoto wake wawili walikuwa kwenye hesabu na sote tulikuwa salama, tisini na mmoja. Lakini Darlene akaanza kuja maktaba kila jioni. Akajifunza kuandika barua za kazi kwenye kompyuta yetu na akafanya mitihani ya majaribio kwa intaneti yetu. Mimi mjinga ndiye niliyemfungulia mlango na kumchemshia kahawa. Oktoba akapata kazi ya ulinzi kwenye gereza jipya lililojengwa juu ya mlima tuliouchimba mpaka ukaisha. Mshahara umezidi kiwango cha fomu. Watoto wawili wakatoka kwenye hesabu, na sisi tukatumbukia kwenye neema. Naomba ulione jambo hili kama ninavyoliona mimi. Mmetupa intaneti kwa sababu tu maskini. Intaneti ikamtoa mmoja kwenye umaskini. Mkatunyang'anya. Ingekuwa ni ng'ombe, tungesema mnamchinja kwa kosa la kutoa maziwa.

Kamati ilinituma kwa Darlene kumwomba ajiuzulu mwezi mmoja tu, Oktoba, wakati wa kuhesabu, halafu arudi kazini. Alinisikiliza mpaka mwisho na sare yake mwilini. Akasema, "Shangazi, nakupenda sana. Shuka kwenye ngazi yangu taratibu, ubao wa pili umeoza." Nilishuka. Ubao umetengenezwa, nadhani kwa mshahara huo huo.

4. Kuhusu mpishi wa shule, Thelma Sizemore. Ungetegemea basi kwamba wale watoto ishirini na wanne, kwa kuwa hawana fomu wala pesa, wanakaa na njaa, na njaa yao ingeonekana mahali fulani ikatusaidia. Hawakai na njaa. Thelma anawalisha. Kanuni inamtaka atazame orodha kabla ya kujaza sahani. Nilimuuliza orodha iko wapi, akasema imelowa supu mwaka wa elfu mbili na sita. "Mtoto akisimama mbele yangu na sahani," akasema, "mimi naiona sahani." Kanisa nalo halisaidii. Wazee wa kanisa wanapitisha kofia kila Jumapili ya kwanza na kumpelekea Thelma bahasha, kimya kimya, asijue mtu, na kila mtu anajua. Kwa huruma hiyo wametutia mchanga kwenye kitumbua. Mtoto aliyelishwa na jirani haandikwi popote, na asiyeandikwa kwenu ni tajiri. Laiti tungekuwa na roho mbaya kidogo, tungekuwa na intaneti.

5. Kuhusu rufaa. Barua yako inasema tusiporidhika tuna siku sitini za kukata rufaa, na kwamba rufaa hupokelewa kwa njia ya intaneti tu. Sina la kuongeza. Nimeandika kwa kalamu ili uone mwandiko wa mtu mzima mwenye hasira.

6. Kuhusu simu. Nilipiga ofisini kwako nikasubiri dakika arobaini na moja nikisikiliza muziki, na dakika hizo nazo mnatupunguzia, kwa hiyo serikali ililipa sehemu tisa katika kumi za kunisubirisha. Binti aliyepokea alikuwa na adabu. Alisema akipatikana mtoto mmoja zaidi ndani ya siku hizo sitini watatuhesabu upya. "Mama, jazeni tu fomu." Tu. Mtoto wa watu, hajawahi kusimama kwenye ngazi ya Burl Caudill.

Baada ya haya kamati ilikaa Jumatatu iliyopita, wanachama wanne na biskuti, na inaomba ifuatavyo:

Kwanza, kwamba jeuri ihesabiwe. Mtu anayekataa chakula cha bure ilhali paa lake limeshikiliwa na matairi ahesabiwe kuwa maskini mara mbili, kwa kukosa pesa na kwa kukosa hata raha ya kulalamika.

Pili, kwamba yeyote aliyepata kazi kwa kutumia intaneti ya maktaba aendelee kuandikwa maskini kwa miaka mitano, kama shukrani.

Tatu, kama hayo hayawezekani, ofisi yako ituruhusu kuhamisha familia mbili zenye ahueni ng'ambo ya mpaka wa kaunti, kuanzia tarehe ishirini Septemba hadi hesabu ipite. Mwalimu mkuu amekubali kuhama na wanawe wawili endapo atapewa ruhusa ya kuwinda huko.

Nne, na hili lilipita kwa kura tatu dhidi ya moja: kama kuna kiwango cha ufukara mnachokipenda Washington, mtutumie picha yake. Tutajitahidi. Tunaweza kung'oa vioo vya madirisha ya shule. Tunaweza kumwachisha Thelma kazi tukaajiri mpishi anayejua kusoma orodha, watoto wakonde mbele ya mkaguzi wenu, na mtoto wa tisini apatikane bila mzazi kuvunjiwa heshima. Kura moja iliyopinga ilikuwa yangu, kwa sababu Arvil hula kwa Thelma siku za Alhamisi baada ya daktari, na yeye pia hayumo kwenye orodha yoyote.

Sikuandika haya ili nikuchekeshe. Alhamisi iliyopita Arvil aliketi mbele ya kompyuta, na maktaba nzima ikanyamaza kama inavyonyamaza kila Alhamisi, hata watoto wa Burl, wasioogopa chochote. Daktari akamwambia avute pumzi, azuie, aachie. Sisi wote upande wa pili wa ukuta tulivuta na kuzuia pamoja naye bila kujua. Yeye ndiye aliyeachia kwanza. Daktari akasema anataka kumwona kila wiki bila kukosa mpaka majira ya joto yaishe. Majira ya joto yanaisha Septemba, na waya unaisha Juni. Nafanya hesabu hiyo kila siku na haijawahi kubadilika.

Mtoto mmoja, Ndugu Mkurugenzi. Mtu mmoja katika bonde hili ameshindwa kuweka jina lake chini ya karatasi, kwa kiburi cha bure, na kwa kiburi hicho mgonjwa atakosa daktari. Mimi ningekuwa serikali ningemtia aibu mtu huyo hadharani.

Nakutakia kazi njema na mapafu mazuri. Msalimie binti wa simu, umwambie sina kinyongo naye. Wasalimie pia mkeo kama unaye, mama yako kama bado yu hai, na yeyote pale ofisini aliyewahi kulelewa na watu wasiopenda kuomba. Ukipita huku karibu, utakula.

Wako katika kusubiri,
Wilma Napier (Bibi),
Katibu.

Nyongeza: Binti wa simu aliniuliza kama mimi mwenyewe ninalea mtoto wa shule, nikamwambia simu inakatika. Ndiyo, ninalea. Mjukuu wangu Carlene, miaka tisa, yuko kwangu tangu mama yake aende Ohio kutafuta kazi. Fomu yake iko kwenye droo ya jikoni, imejazwa yote, na kwa pensheni yangu ingepita hata mkaguzi akiwa amesinzia. Imebaki sahihi. Jumapili baada ya kanisa nilimpelekea Arvil fomu na kalamu, nikamwambia aamue yeye, kifua ni chake. Aliisoma mpaka mwisho, akakohoa mpaka nikamshikia bakuli, halafu akanirudishia. "Usitie, dada," akasema. "Baba asingetia." Sikutia. Kwa hiyo nakuomba sana unijibu kabla ya Juni.