Mzabibu wa Hortensia na Jirani Mwenye Mkasi

10 Septemba, Jumamosi

Nimetukanwa uani kwangu mwenyewe. Kabla hata ya kunywa chai! Don Abelardo, jirani yangu, aliegemea ukuta unaotutenganisha, akauangalia mzabibu wangu juu hadi chini, kisha akauliza kwa upole kama mwaka huu sipogoi. Upole wake ndio unaoniua. Yeye kapogoa Julai, mwezi ukipungua, kama mtaa mzima. Nikamjibu kwamba mimi nina mpango wangu.

Sina mpango. Julai kulikuwa na baridi.

Mchana akaja dada yangu Otilia na habari: Yasna anakuja kwa sikukuu ya taifa, tarehe kumi na nane. Binti yangu! Miaka mitatu yuko Antofagasta, kaskazini ya mbali, na hajakanyaga hapa. Nilifurahi mno. Lakini Otilia alikuwa hajamaliza. Akasema majani uani kwangu yanafika magotini, mzabibu ni kichaka, na kwamba anafikiria kupeleka empanada zake, mikate yake ya kujazwa nyama, kwa don Abelardo. Na kwetu, ziendako empanada za Otilia ndiko iliko sikukuu.

Kwa Abelardo! Miaka ishirini na sita tumekula chini ya mzabibu alioupanda marehemu mke wangu, Hortensia. Leo mwanangu akakae chini ya mzabibu wa watu? Otilia amenipa hadi Alhamisi. Ataona.

12 Septemba, Jumatatu

Majani. Reki yangu imebaki na meno mawili. Kuazima kwa Abelardo? Bora nife. Nikaazima kondoo kwa binamu yangu.

Kondoo huyo hana akili. Amekula maharage machanga, yote. Amekula taulo lililokuwa kwenye kamba. Majani hajayagusa. Nilipokuwa namkimbiza, niliona reki imewekwa juu ya ukuta, safi, mpini umepakwa mafuta. Abelardo kaiacha tu pale ili nidhalilike vizuri.

Nimeitumia. Sijashukuru.

13 Septemba, Jumanne

Siku ya mkasi! Nilikuwa nimepanda ngazi Abelardo alipokuja na ushauri ambao hakuombwa. Alisema nisikate sasa, utomvu umeshapanda, mzabibu utalia siku nyingi. Nisubiri sikukuu ipite.

Nikamwelewa papo hapo. Anataka mzabibu ubaki kichaka hadi Jumapili, Otilia aone aibu, empanada ziende kwake. Ujanja wa kitoto! Basi nimekata. Nimekata kila tawi. Nimekata hata pale ambapo mimi mwenyewe sikuona sababu, kwa kuwa alikuwa bado anaangalia.

15 Septemba, Alhamisi

Mzabibu unadondosha maji. Kila nilipokata pana tone, tone likianguka linakuja jingine. Nimejaribu nta ya mshumaa, ikasukumwa nje. Nimefunga vitambaa, vikalowa. Lakini hata mjane huchoka kulia, sembuse mti. Jumapili utakuwa mkavu.

Ili macho ya Otilia yapate kitu kingine cha kutazama, nimepaka chokaa. Mlimao, mchungwa, ukingo wa bustani, shina la mzabibu. Halafu nikaona kwa nini niishie chini? Nikapaka nguzo na boriti zote za kichanja kinachoubeba mzabibu. Abelardo alisema kutoka ukutani kwamba chokaa hutiwa chumvi ili ishike. Chumvi! Kwani napika supu? Sikutia.

Otilia alikuja jioni. Nikamsimamisha upande wa mlimao, nikazungumza bila kupumua. Akakubali! Chakula kitakuwa kwangu. Nimeimba hadi Abelardo akafunga dirisha.

17 Septemba, Jumamosi

Yasna amefika kwa basi la asubuhi. Amekonda. Alienda moja kwa moja hadi kwenye mzabibu, akauwekea mkono. Akasema mama hakuwahi kuupaka chokaa. Nikaanza kujitetea. Akasema, hapana baba, mti umependeza.

Nilitoka kidogo kwenda kuangalia kuku. Sifugi kuku.

18 Septemba, Jumapili

Fedheha!

Bendera juu, nyama motoni, kitambaa cheupe mezani. Otilia kavaa gauni lake jeusi la mahameli. Pembeni yake nani? Abelardo, na kofia yake ya sherehe. Alikaribishwa na Otilia bila mimi kuulizwa.

Tone la kwanza liliingia kwenye glasi ya chicha, divai yetu changa. Nikasema ni baraka. La pili likapitia kwenye boriti, likateremka na chokaa hadi begani kwa Otilia. Kisha yote yakaja kwa pamoja. Mvua nyeupe! Mahameli ikawa na madoadoa kama kanga. Abelardo akavua kofia yake, akafunika sinia la empanada. Watu wakampigia makofi. Kwa kofia!

Otilia akasimama, akasema polepole, "Kaka, mimi nilikuja kula. Sikuja kupakwa chokaa."

Wakapitisha kila kitu juu ya ukuta, mkono kwa mkono: meza, nyama, mtungi wa chicha, mpiga gitaa. Na Yasna akaenda, amebeba saladi. Nikabaki na kiti kimoja na bendera. Abelardo aliniita mara mbili, "Njoo jirani, nyama inapoa." Na ipoe! Nilikaa pale pale nikidondokewa. Niliumia sana, na sina aibu kuandika hivyo.

Halafu mlango wa ua ukafunguliwa. Yasna, na mwavuli wa mama yake, na empanada mbili ndani ya kitambaa.

"Baba, sogea," alisema.

Tulikula chini ya mwavuli, magoti yakigusana, matone yakigonga juu. Akaanza kucheka, nikanuna, akacheka zaidi, nikashindwa. Ndipo akaniambia kwa nini hakuja miaka yote ile. Aliogopa kuuona ua huu bila mama. Nikamwambia hata mimi naogopa, ila mimi ndiye ninayeishi humu. Alinilalia begani. Saa nzima tulikaa, na ng'ambo ya ukuta walicheza ngoma ya cueca, na sikumwonea mtu wivu.

20 Septemba, Jumanne

Yasna ameondoka leo. Mwakani atakuja tena, ameapa. Lakini kituoni alinibana hadi nikaahidi kupogoa Julai, na don Abelardo anisaidie. Nimeahidi mbele ya dereva.

Nilipofika nyumbani nikakuta mkasi mpya juu ya ukuta, umefungwa utepe. Abelardo anasema ni wangu kabisa. Nimeupokea. Sijashukuru.

Nimeketi hapa nikifikiri. Julai! Mzabibu ukipogolewa Julai, Septemba unakuwa mkavu kama meza. Watu watakula raha mstarehe, kila mtu kiti chake, na binti yangu mwisho kabisa wa meza, karibu na saladi. Nani atahitaji mwavuli? Mtu huyu Abelardo ananionea kwa mipango ya mbali.

Nimefungua kalenda ya mwakani na kutia alama. Kupogoa: 13 Septemba. Chokaa: ndoo mbili. Chumvi: hapana.