Kadi Namba 212

Jumatatu, 3 Machi
Nimefungiwa uwanja! Miezi tisa! Kisa, wimbo. Klabu inasema ni matusi kwa Wayahudi. Nikawaeleza kwamba Wayahudi hata siwafahamu, tunawaimbia wapinzani wetu, timu ile ya Amsterdam; ndio tunaowaita Wayahudi tangu nikiwa mtoto. Wapi! Ila nikihudhuria mara mbili darasa la klabu kuhusu Wayahudi, adhabu inafutwa. Jumapili wale wa Amsterdam wanakuja. Nikikaidi, napoteza kadi yangu ya uanachama, namba 212, iliyotoka kwa babu ikaenda kwa baba, ikaja kwangu. Anayefuata kwenye foleni ya namba hiyo ni Cor van Dongen, jirani yangu jukwaani, anayeimezea mate miaka kumi. Nitakwenda.

Jumatano, 5 Machi
Darasa liko nyuma ya baa ya klabu. Cor yumo. Hakuadhibiwa, amekuja kwa hiari, ili mimi nionekane mbaya. Mwalimu ni Bi Noach, Myahudi, na ni shabiki wetu wa kufa na kupona. Nikamwambia nilidhani wote wako Amsterdam. Akaniambia, "Bwana wee, mimi nalia na timu hii hii unayolia nayo. Sasa wimbo wenu ukianza, niimbe au nijifiche?" Swali gumu. Nikaomba biskuti ya pili. Kopo alishalifunga.

Alhamisi, 6 Machi
Mbinu mpya: machozi. Kipande cha kitunguu ndani ya leso.
Bi Noach alisoma majina ya wanachama waliofutwa mwaka 1941, Wajerumani walipotutawala wakati wa vita, kwa kuwa walikuwa Wayahudi. Wengi walipelekwa kwenye kambi za mauaji, hawakurudi. Nikanusa leso. Nililia vizuri sana. Kisha akasoma: namba 212, Salomon Kats, muuza kofia. Nikasahau kulia! Nikanyoosha mkono: namba yetu hiyo! Babu aliipata mwaka huo huo! Alikuwa akisema nafasi zilikuwa tele, hata foleni hakuna.
Cor akainamisha kichwa. Wivu tu. Bi Noach akaniuliza taratibu kama sikuwahi kujiuliza kwa nini zilikuwa tele. Nikamjibu kwamba bahati ya mtu haiulizwi.
Cheti nimepata. Mahudhurio ni mahudhurio.

Jumapili, 9 Machi
Uwanjani! Wimbo ulipoanza nikafunga mdomo. Nilijivuna mwenyewe. Dakika ya themanini refa akatunyima penalti, neno la ule wimbo likanitoka. Lile lile, kwa sauti yote. Safu ya mbele akageuka mtu. Bi Noach! Nikajieleza haraka: sikumaanisha Wayahudi, wala wale wa Amsterdam. Nilimaanisha refa.

Jumanne, 11 Machi
Nimefungiwa maisha. Kadi imekwenda. Na Cor ameikataa! Ameomba namba 212 isipewe mtu tena, ibaki kwa jina la yule muuza kofia. Mnafiki mkubwa. Jukwaa zima limemuunga mkono.
Nimeandika rufaa kali, kurasa nne. Nimewauliza: mwanachama mwaminifu anafutwaje kwenye orodha mchana kweupe, na jirani zake jukwaani wasiseme kitu? Jambo kama hilo halijawahi kutokea katika klabu hii.