Kiingereza cha Kuingilia Ofisi ya Mzee Raphaeli

Jumatatu, 3 Machi 2025
Hatimaye! Mzee Raphaeli, wakala wa forodha hapa Tunduma, anatafuta mtu wa kuongea na madereva wa Zambia. Usaili Ijumaa, kwa Kiingereza. Nafasi yangu hiyo! Kuuza viatu vya mitumba, basi tena. Nimemtangazia Mama kwamba kuanzia leo nyumbani ni Kiingereza tupu. Jioni nikamwambia, "Mother, food." Mama, mzaliwa wa kijijini Hasamba, asiyejua Kiingereza, akasema huyo Maza Fudi hamjui, kama ana njaa aende kwao. Ugali wangu akampa jirani.

Jumanne, 4 Machi
Anastazia naye ameomba! Anauza vitenge meza ya pili kutoka yangu. Kidato cha nne tulimaliza pamoja, Kiingereza tukafeli pamoja. Sasa mwone! Juzi alimwambia dereva Mzambia, "I am boring," akimaanisha amechoka kukaa bila wateja. Dereva akacheka hadi akashika meza. Akamweleza kwamba amejiita mtu wa kuchosha wenzake, aseme "bored". Ningekuwa mimi ningehamia Saza, nikajifiche kwenye mashimo ya dhahabu. Yeye akacheka kumshinda dereva! Leo kamwambia mteja, "I was bored, but now you are here." Safi kabisa. Mteja kanunua vitenge viwili. Yule dada ana moyo, nakubali. Kwa hiyo nahitaji hila.

Jumatano, 5 Machi
Hila: neno kubwa. Nimelitoa kwenye kamusi, "notwithstanding". Maana yake sijaielewa vizuri, lakini uzito nimeusikia. Mzambia mmoja kaniuliza bei ya buti. Nikakunja uso: "Notwithstanding!" Akadhani siuzi. Kaondoka, kanunua kwa Gwakisa, muuza viatu mwenzangu.

Alhamisi, 6 Machi
Anastazia kaja na viazi vya kuchoma. Kasema, "Kaka Osward, tufanye mazoezi. Wewe uwe bosi, mimi niombe kazi, kisha tubadilishane. Ukinikosoa sinuni." Mshindani wangu huyo! Nani mwingine angefanya hivyo? Nimesingizia kichwa kinauma. Ukweli ni kwamba nimeshapanga na binamu yangu Luka, ana duka la nguo Nakonde, ng'ambo ya mpaka Zambia, Kiingereza kwake ni maji. Atanong'ona kwenye simu, nami nitakuwa na kidude cha kusikilizia sikioni, chini ya kofia ya sufu. Nikirudia tu, kazi imekwisha!

Ijumaa, 7 Machi
Tuliitwa pamoja. Mzee Raphaeli akaanza na Anastazia, akamuuliza kuhusu "consignee". Akajibu bila aibu, "Sorry, sir, I don't know that word. What does it mean?" Mzee akamweleza kwamba ni mtu anayepokea mzigo. Swali lililofuata, Anastazia kalitumia neno lenyewe, tena mahali pake! Nusura nipige makofi.
Zamu yangu. Kwa nini unaitaka kazi hii? Nikasubiri sauti ya Luka sikioni. Luka akasema, nami nikarudia kwa sauti nzito, "My sister, take two, good price!"
Kumbe mteja alikuwa ameingia dukani kwake.
Mzee akauliza sister ni nani. Luka akasema, nikarudia, "This colour is good for your big body."
Mzee Raphaeli akatazama tumbo lake. Akanionyesha mlango.

Jumapili, 9 Machi
Anastazia kapata kazi. Nilitaka kununa, nikashindwa. Anastahili, na nikamwambia hivyo. Baada ya ibada alinifuata. Kasema kila jioni akitoka ofisini atakaa nami tuongee Kiingereza, bure, sharti moja tu: nikubali kukosea na kuchekwa. Mama kasema, "Mwanangu, hiyo ni baraka, ipokee."
Nimemshukuru kwa heshima zote. Nimekataa. Kwani sioni? Malori mangapi hapa yanakwenda Kongo? Kifaransa! Nimeshajua "bonjour". Hapa mtaani hakuna anayekijua, kwa hiyo nani atanikosoa? Kesho naanza.