Raga ya Alfajiri, Saa Kumi Jioni

Jumatatu, 4 Novemba 1968. Banaras, India.

Mzungu wa gitaa uchochoroni kwetu! Barnaby, wa London, nywele hadi mabegani. Bila shaka anatafuta guru wa kumfundisha sitari, zeze letu, na guru ni mimi. Nimemdaka kwenye kibanda cha tambuu kabla jirani yangu Panditi Tiwari, mpiga sitari mwenzangu na hasidi mkubwa, hajamwona. Nikishamfunga uzi mwekundu mkononi, basi, ni mwanafunzi wangu mpaka kufa. Atanipeleka London. Picha yangu kwenye jalada la santuri yake! Mke wangu Kamini kauliza, wewe si unajua raga moja tu, muziki ule ule kila siku? Inatosha. Mzungu atajuaje?

Jumanne.

Balaa. Kila raga ina saa yake ya kupigwa, nje ya hapo ni mwiko, na yangu ni ya alfajiri. Nilimwambia mzungu aje kabla ya jua. Kaja saa kumi jioni, macho mekundu, miayo mtindo mmoja. Ningefanyaje? Nikafunga madirisha, nikapiga hivyo hivyo. Alisikiliza kwa makini, akanishukuru mno.

Mama, ambaye haoni vizuri, alikuwa amejilaza ghorofani. Kusikia raga ile, akajua kumekucha. Taulo begani, huyoo, mtoni kuoga! Karudi anatetemeka, anauliza nani kalihamisha jua, mbona leo limemtokea mgongoni. Tiwari alikuwa barazani kwake. Kacheka mpaka tambuu ikamtoka mdomoni.

Alhamisi.

Leo ndiyo leo! Nazi, vitamu vya ladu, uzi. Desturi inataka mashahidi wanamuziki, kwa hiyo ilinibidi nimwalike Tiwari. Kaja na nduguze wote, wakazifagia ladu. Nikamwambia Barnaby anyooshe mkono. Akasita. Akapandisha mkono wa shati.

Uzi upo! Tena umeshapauka. Wa Tiwari! Kumbe mzungu yuko kwake tangu mwezi jana, kila alfajiri, ndiyo maana jioni anasinzia. Sasa kwangu alifuata nini? Akajibu kwa adabu zote, viganja pamoja kifuani, eti guru wake ndiye aliyemruhusu aje: akasikie raga ya alfajiri inavyokuwa ikipigwa jioni, ili asithubutu kufanya hivyo maisha yake yote. Tiwari akanishika bega, akasema, ndugu yangu, umenipunguzia kazi ya mwaka mzima.

Uchochoro mzima ukaangua kicheko. Kamini naye! Niliona aibu, nikatamani kulia.

Jumamosi.

Nimeshinda ndani nikitafakari kosa langu. Nimelipata! Nilikiri kwamba raga ni ya alfajiri. Ujinga ulioje.

Mchana kaja Mmarekani na filimbi. Nimemkagua mikono yote miwili: haina uzi. Nimemwambia yangu ni raga ya saa kumi jioni, siri ya ukoo, babu hakuwahi kuipiga mbele ya mgeni. Keshakaa mkekani, machozi yanamlengalenga. Ninakaza nyuzi.

Huko juu Mama keshaanza kuulizia taulo lake.